SIMU YA KIKUNDI IKIKATAA KUWAKA
Somo la vikundi: hitilafu ndogo tunazoweza kurekebisha sisi wenyewe nyumbani



Zamani mali ya kikundi ilikuwa ni jembe, karai, toroli na ule mkebe wa pesa wenye kufuli. Siku hizi kuna chombo kingine ambacho hatukiandiki kwenye orodha ya mali, ingawa kazi nyingi zinakipitia. Chombo hicho ni simu ya mweka hazina. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwezi wa Machi 2007, michango, mikopo na malipo ya mbegu hupitia kwenye simu. Simu ikifa siku ya mkutano, kazi inasimama. Na pahali ambapo kazi ya pesa imesimama, maneno huanza.

Shida nyingi za simu ni ndogo: vumbi, uchafu, waya uliokatika ndani, au betri iliyochoka. Hizi hazihitaji fundi. Zinahitaji macho, subira na utaratibu.

KUSUDI LA SOMO
Mwisho wa somo hili, kila mwanachama aweze:
- kutafuta ugonjwa wa simu hatua kwa hatua bila kubahatisha;
- kurekebisha shida ndogo za chaji, betri, laini, sauti na maji;
- kujua wapi aache mikono yake na aende kwa fundi;
- kulinda pesa na rekodi za kikundi simu ikiharibika.

MUDA: Saa moja na nusu. Mnaweza kuligawa kwa mikutano miwili.

VITU VYA KUWEKA TAYARI
Simu mbili au tatu za kabambe za aina moja, chaja mbili, mswaki mkavu ambao haujatumika, vijiti vya meno vya mbao, raba ya mtoto wa shule, kitambaa safi kikavu, karatasi, na sahani nyeupe ya kuwekea vitu vidogo visipotee. Sindano na pini ziacheni nyumbani.

MCHEZO MFUPI
(Wanachama watatu wauigize mbele ya wengine.)

MWENYEKITI: Haya, tumefika kwa mikopo. Mama Mweka hazina, mtumie mwenzetu zile pesa za karo. Mtoto amerudishwa nyumbani tangu juzi.
MWEKA HAZINA: Mwenyekiti, simu imekataa kuwaka. Nimeiweka kwa chaji usiku kucha.
MWANACHAMA: Mwezi jana ilikuwa haina chaji. Mwezi huu imekataa kuwaka. Kwani hii simu huugua siku ya mkutano peke yake?
MWEKA HAZINA: Unataka kusema nini, dada?
MWANACHAMA: Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu.
MWENYEKITI: Tulieni, akina mama. Basi pesa zetu ziko wapi sasa? Zimekufa na simu?
(Kimya. Mwenye mtoto anafunga leso yake na kuondoka.)

Maswali ya kujadili
1. Mmeona nini katika mchezo huu?
2. Je, jambo kama hili limewahi kutokea kwenu?
3. Nani ameumia? Mweka hazina, mtoto, au kikundi?
4. Shida hapa ni simu, au ni nini?

Mwongozaji awape watu nafasi ya kusema. Asiharakishe kujibu. Halafu afafanue jambo hili ambalo wengi hawalijui: PESA HAZIKO NDANI YA SIMU. Ziko kwenye hesabu za kampuni, zimeandikwa chini ya namba yenu. Simu ni kama mlango tu, na ufunguo wake ni laini pamoja na namba ya siri. Kwa hiyo simu ikifa, mweka hazina anaweza kutoa laini, kuitia kwenye simu nyingine mbele ya wanachama, kutuma pesa, na kuirudisha. Hata laini yenyewe ikiharibika au ikipotea, mwenye kuiandikisha huenda na kitambulisho chake kwa duka la kampuni, anapewa laini nyingine ya namba ile ile, na pesa zake anazikuta.

Kitu kinachoweza kupotea ni ujumbe. Mara nyingi ujumbe huhifadhiwa ndani ya simu, sio kwenye laini. Ndiyo maana katibu aandike daftarini papo hapo ile namba ya uthibitisho yenye herufi na tarakimu 10, pamoja na tarehe na kiasi. Daftari halihitaji chaji.

SEHEMU YA KWANZA: TAFUTA UGONJWA ULIPO

Mtu akiugua, daktari hampi dawa kabla ya kumuuliza na kumpima. Sisi simu ikikataa kuwaka, tunakimbia kununua betri. Kumbe ni chaja iliyokufa. Tunanunua chaja, kumbe tundu limejaa uchafu. Pesa zinaisha na simu bado imelala.

Njia ya kupima ni moja: BADILISHA KITU KIMOJA TU KWA WAKATI MMOJA. Ukibadilisha viwili pamoja, hutajua ni kipi kilikuwa kigonjwa. Fuata hivi:

Hatua ya 1. Pima umeme. Kama ni soketi au sola, weka simu ya mtu mwingine na chaja yake. Ikiingiza chaji, umeme uko.

Hatua ya 2. Pima chaja yako kwa simu nyingine ya aina ile ile. Ikikataa hapo pia, chaja ndiyo mbovu. Pinda waya taratibu karibu na kichwa: chaji ikija na kupotea, waya umekatika ndani. Usiufunge kwa mpira ili ukae "vizuri". Waya wa namna hiyo hupata moto. Tafuta mwingine.

Hatua ya 3. Tia chaja nzima kwenye simu yako. Ikiwa betri iliisha kabisa, hasa simu iliyolala wiki nyingi, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kuonyesha chochote. Ngoja. Wengi huitoa mapema na kusema imekufa.

Hatua ya 4. Azima betri ya mwenzako yenye chaji na yenye herufi na namba zile zile kama yako. Simu ikiwaka, betri yako ndiyo imechoka. Ikikataa hata kwa betri nzima, ugonjwa uko ndani ya simu yenyewe.

Kwa hatua hizi nne tu, bila kutumia hata shilingi, mmejua shida ni umeme, ni chaja, ni betri au ni simu. Hilo ndilo jambo kubwa la somo hili. Zifanyeni kwa mikono yenu, sio kwa kusikiliza tu.

SEHEMU YA PILI: TIBA NDOGO NDOGO

Kanuni ya kwanza kwa kila tiba: zima simu, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe.

(a) Tundu la chaji
Hapa kwetu Ukambani wakati wa kiangazi vumbi liko kila mahali. Simu inakaa mfukoni au kwenye kiondo pamoja na nyuzi za nguo na unga. Uchafu unaingia kwenye tundu, na kila ukisukuma chaja unaushindilia ndani kama mchanga kwenye gunia. Dalili yake: kichwa cha chaja hakiingii mpaka mwisho, au kinalegea na kuanguka.

Angalia tundu kwenye mwanga. Tumia kijiti cha meno cha mbao, ukwangue pole pole pembeni na kutoa uchafu nje. Kisha piga kwa mswaki mkavu. Usitumie sindano: katikati ya tundu kuna ulimi mwembamba wenye vyuma vidogo, na ukivipinda umeongeza ugonjwa. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Pampu ya baiskeli ikishikwa mbali kidogo inafaa zaidi.

(b) Betri
Kwanza zungusha macho. Vyuma vya betri vikiwa vyeusi au vyenye kutu, sugua kidogo kwa raba, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Makombo ya raba yasibaki. Halafu tazama vile vyuma vya simu vinavyogusana na betri. Viko kama springi ndogo, vitatu au vinne. Kimoja kikiwa kimelala chini kuliko wenzake, kiinue taratibu kwa kijiti cha mbao. Simu inayozimika kila ikitikiswa mara nyingi ina betri iliyolegea: kunja kipande cha karatasi, ukiweke upande ule usio na vyuma ili betri ibanwe.

Kwa kikundi chenye mwanachama mwenye mita ya fundi: betri ya kabambe huandikwa volti 3.7. Ikiwa imejaa husoma karibu 4.2. Ikikaa nje ya chaja kwa saa chache ikashuka chini ya 3, bila kutumiwa, hiyo imefika mwisho wa safari.

SASA SIKIENI VIZURI HAPA. Betri hizi ni za lithiamu, na zinaweza kuwaka moto. Hata za kampuni kubwa zina ajali zake. Mwezi wa Agosti 2007 kampuni ya Nokia iliwatangazia wateja wake kwamba betri karibu milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita, zingeweza kupata moto kupita kiasi wakati wa kuchaji. Ikiwa hata kampuni kubwa ilipatwa na shida hiyo, tuwe waangalifu zaidi na zile betri za bei rahisi zisizo na jina.

Betri iliyovimba ni betri iliyokufa. Ilaze juu ya meza na uizungushe. Ikizunguka kama pia, imevimba. Kwa simu ambayo betri haitoki, dalili ni mgongo wa simu kuinuka au skrini kujitenga. Betri ya namna hiyo:
- usiichaji tena hata mara moja;
- usiitoboe, usiigonge, usiilalie kitu kizito ili irudi chini;
- usiitupe motoni wala chooni;
- usimpe mtoto achezee.
Iweke ndani ya mkebe wenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na jiko na nyasi.

Na jambo lingine. Wako wanaochaji kwa kuunganisha waya za simu moja kwa moja kwa betri ya gari. Betri ya gari ni volti 12, na chaja ya kawaida ya simu hutoa volti 5. Hiyo ni kama kumnywesha mtoto mchanga uji wa debe zima. Tumieni kifaa cha kupunguza umeme. Vilevile ile chaja ya kubana betri yenye taa zinazomulika msiiache usiku kucha, na msilale na simu inayochaji chini ya mto.

(c) Laini
Simu ikisema haioni laini, toa kadi uitazame. Pangusa ile sehemu ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu. Ikiwa na doa, pitisha raba kidogo tu. Irudishe. Ikikataa, itie kwenye simu nyingine. Ikishika mtandao huko, kadi ni nzima na kitanda chake ndicho kibovu. Ikilegea, weka kipande chembamba cha karatasi mgongoni mwa kadi.

Kadi ndogo sana huwekwa ndani ya fremu ya plastiki ili itoshe kwenye simu ya zamani. Usiingize fremu tupu bila kadi. Vyuma vya simu hunasa kwenye lile tundu, na ukivuta vinang'oka.

Tena, kadi ikiomba namba ya siri ya kufungulia, usibahatishe. Ukikosea mara 3 inajifunga na kudai namba ndefu ya PUK, ambayo kampuni inaweza kukupa. Ukikosea PUK mara 10, kadi hiyo imekufa moja kwa moja.

(d) Sauti
Husikii wenzako? Kabla ya kufungua chochote, ongeza sauti. Halafu tazama kama simu inaonyesha alama ya vichwa vya kusikilizia ilhali hujaviweka. Ikiwa ndivyo, chomeka waya wake na kuuchomoa mara tano au sita, simu iache kudanganyika. Kisha piga mswaki mkavu kwenye wavu wa spika, simu ikiwa imeelekezwa chini ili vumbi lianguke nje.

Wenzako hawakusikii? Tafuta kile kitundu kidogo chini ya simu. Huo ndio mdomo wake. Mara nyingi kimefunikwa na kava au uchafu. Piga mswaki juu juu. Usichome pini ndani, kwa sababu nyuma yake kuna utando mwembamba kama ngozi ya ngoma, nao ukitoboka haushoneki.

(e) Batani zinazokwama
Kwa kabambe, toa kava na betri, pangusa batani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa spiriti safi, ile ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 ina maji zaidi, kwa hiyo ngoja ikauke kabisa. Mwenye bisibisi ndogo ya nyota anaweza kufungua na kupangusa chini ya mpira wa batani. Atakuta vifuniko vidogo vya chuma chini ya karatasi inayoonyesha. Asiibandue karatasi hiyo. Skrubu aziweke kwenye sahani nyeupe kwa mpangilio zilivyotoka. Asiye na bisibisi inayofaa asifungue kwa kisu.

(f) Simu iliyoanguka majini
Mtoni, kwenye karai la nguo, au mvua ya Novemba imekunyeshea njiani. Maji peke yake hayaui simu haraka. Kinachoiua ni umeme kupita kwenye maji, na kutu ya kijani inayofuata. Kwa hiyo:
1. Usiiwashe "kuona kama iko sawa". Ikiwa inawaka, izime.
2. Toa betri, laini na kadi ya kumbukumbu. Kausha kila kimoja kwa kitambaa.
3. Itikise taratibu, tundu la chaji likiangalia chini.
4. Iweke kivulini penye upepo kwa siku mbili. Sio juani kabisa, sio karibu na jiko.
5. Usiitie kwenye mchele wala unga. Kampuni ya Apple imewaonya wateja wake kuhusu mchele, kwa sababu chembe zake ndogo zinaweza kuharibu simu. Ule mchele upikeni.
6. Baada ya siku mbili, rudisha betri ujaribu. Usichaji tundu likiwa bado na unyevu.
Ikiwa ilikuwa ni maji ya sabuni au ya chumvi, ipelekwe kwa fundi mapema ikaoshwe ndani.

SEHEMU YA TATU: WAPI TUSIMAME

Kujua mwisho wa uwezo wako pia ni ujuzi. Mwachie fundi: skrini iliyovunjika, tundu la chaji lililong'oka, kazi yoyote ya kuchomelea kwa risasi, betri iliyogundishwa ndani ya simu ya kugusa, na simu inayopata moto bila kutumiwa.

Kabla ya kumpa fundi simu:
- Toa laini na kadi ya kumbukumbu, ubaki nazo.
- Bonyeza *#06# ukiwa bado unaweza, uandike ile namba ya tarakimu 15. Hicho ndicho kitambulisho cha simu yako. Ukirudishiwa, hakikisha ni ile ile.
- Mweleze ulichopima: "Chaja ni nzima, betri nyingine pia imekataa." Fundi akijua umepima, hatakuuzia betri usiyohitaji.
- Patana bei kabla hajafungua, na mwombe akurudishie kile kipande kibovu alichotoa.
- Namba ya siri ya M-Pesa haimhusu fundi. Hakuna ugonjwa wa simu unaotibiwa kwa namba ya siri.

SEHEMU YA NNE: MAPATANO YA KIKUNDI

Turudi kwenye ule mchezo. Simu ilikuwa na shida ndogo, lakini kilichovunjika ni uaminifu. Mswaki hauwezi kusafisha hilo. Kwa hiyo kila kikundi kijadili na kuandika kwenye kumbukumbu za mkutano:

1. Simu ya mweka hazina ikikataa, laini itatiwa kwenye simu ya nani, na mbele ya nani? (Vizuri wawe angalau viongozi watatu.) Mweka hazina abonyeze namba ya siri mwenyewe, na baada ya kazi laini irudi kwake papo hapo.
2. Nani anaandika daftarini kila pesa inayoingia na kutoka, siku ile ile?
3. Je, kikundi kinunue chaja moja na betri moja za akiba? Zitakaa kwa nani?
4. Mkebe wa betri mbovu utakaa wapi, na nani atazipeleka kwa fundi au kwa wanaokusanya vyuma vya umeme mjini?

Chagueni pia wanachama wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wawe wapimaji wa simu wa kikundi. Kijana ana macho makali, mzee ana subira. Kazi hii inahitaji vyote viwili.

KAZI YA NYUMBANI
Kila mmoja akague simu yake kabla ya mkutano ujao: tundu la chaji, vyuma vya betri, na kama betri inazunguka juu ya meza. Alete habari ya alichokuta. Pia afanye zile hatua nne za kupima pamoja na jirani asiye mwanachama. Anayemfundisha mwingine hasahau.

MAMBO YA KUKUMBUKA
- Pesa haziko ndani ya simu.
- Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.
- Kijiti cha mbao ndiyo, sindano hapana.
- Betri iliyovimba haina dawa.
- Simu iliyolowa inataka upepo na siku mbili.
- Daftari ndilo shahidi wa kikundi.

Babu zetu walijua kukaza mpini wa jembe uliolegea bila kungoja jembe lianguke shambani. Na simu ni jembe la siku hizi. Fanyeni somo hili pole pole, mwezi huu kabla ya mvua kuanza, na mtuandikie mlichogundua katika kikundi chenu.